Mamlaka ya kanzidata yamehamia kwa madevelopa, makabidhiano hayakufanyika

#1 MtunzaKanzi

Wakuu, salaam.

Uzi ni mrefu kidogo, mwenye haraka auhifadhi ausome jioni. Mimi ni DBA, yaani msimamizi wa kanzidata (database), hifadhi ya data ya mfumo. Nilianza kazi enzi za Oracle 9i na sasa muda mwingi niko kwenye PostgreSQL na MySQL, zote ni programu za kanzidata. Simu ninayopigiwa kuliko zote ni ile ya "mfumo umeganda na hatujagusa kitu". Nikifungua logi za seva nakuta kitu kimeguswa, ila aliyekigusa hakujua kwamba anagusa kanzidata. Yeye alikuwa anapandisha toleo jipya la programu tu.

Naona vijana wanalaumiwa sana kwa haya mambo, na mimi nadhani lawama zinaelekezwa pasipo.

Zamani developa hakuruhusiwa kuongeza hata safu (column) moja kwenye jedwali. Alijaza fomu, fomu ikapita kwa mkuu wa kitengo, ikamfikia DBA, DBA akasoma skripti mstari kwa mstari, kisha akaipangia usiku wa Jumamosi. Ilichosha na mara nyingi ilikuwa urasimu. Lakini ndani ya urasimu ule kulikuwa na maswali ambayo lazima mtu ayajibu: jedwali lina ukubwa gani, nani analitumia saa hiyo, na likiharibika tunarudije tulikotoka.

Zikaja fremu za kuundia programu za wavuti: Rails mwaka 2004, Django 2005, Laravel 2011. Zote zikaja na ORM, tabaka linaloandika SQL (lugha ya kuiamuru kanzidata) kwa niaba yako, na baada ya muda zote zikawa na migresheni ndani yake, yaani skripti za kubadili majedwali. Oktoba 2009 Amazon wakatoa RDS, kanzidata ikawa kitu unachokodisha kwa kubonyeza kitufe. Leo kijana aliyemaliza chuo mwaka jana anaandika php artisan migrate, amri ya Laravel ya kuendesha migresheni, na skima (muundo wa majedwali) iliyo hewani, inayotumiwa na wateja, inabadilika papo hapo. Mamlaka yote aliyokuwa nayo DBA yako mikononi mwake. Yale maswali hakuna aliyemkabidhi. Ni kama mlinzi wa usiku kumwachia mwenzake funguo mezani na kuondoka bila kumwambia mlango upi una hitilafu.

Siombi turudi kwenye fomu. Migresheni zilizo ndani ya Git (hifadhi ya msimbo na historia yake) ni bora mara nyingi kuliko tulichokuwa nacho, yaani skripti zilizokaa kwenye kompyuta ya mtu mmoja na akiacha kazi zinaondoka naye. Ninachosema ni kwamba maarifa yalitakiwa yafuate mamlaka.

Nitoe mfano mmoja niueleze vizuri, kwa sababu ndio unaoangusha mifumo mingi niliyoitwa kuitibu.

Chukua jedwali la malipo la mistari milioni kadhaa. Ni tarehe 25, saa tano asubuhi, mishahara imeingia. Mhasibu kafungua ripoti ya mwezi, SELECT (amri ya kusoma) moja inayochukua dakika sita. Wakati huohuo migresheni inaingia kuongeza safu moja. Kazi yenyewe ni ya kufumba na kufumbua, maana tangu PostgreSQL 11 ya mwaka 2018, kuongeza safu yenye thamani ya awali isiyobadilika hakulazimishi jedwali zima kuandikwa upya. Lakini ALTER TABLE hiyo, yaani amri ya kubadili jedwali, inataka kufuli la ACCESS EXCLUSIVE, na kufuli hilo halikai pamoja na mtu yeyote, hata anayesoma tu. Kwa hiyo inasubiri ripoti ya mhasibu iishe.

Sasa hapa ndipo pasipofundishwa. Kila kwiri (ombi kwa kanzidata) inayokuja baada ya hapo kwenye jedwali lile inapanga foleni nyuma ya ALTER. Anayelipa, anayeangalia salio, wote. Konekisheni zinajaa, na PostgreSQL usipoibadilisha inaruhusu 100 tu. Dakika chache baadaye mfumo umekufa, huku prosesa imetulia na diski imetulia, na timu inahangaika kuongeza RAM.

Dawa yake ni mstari mmoja mwanzoni mwa migresheni: SET lock_timeout = '3s'. Ikikosa kufuli ndani ya sekunde tatu inajitoa, foleni inafunguka, unajaribu tena baadaye. Usipoiweka, thamani yake ni sifuri, maana yake isubiri bila kikomo. Watu wa MySQL msijione salama: lock_wait_timeout yenu inakuja ikiwa sekunde 31,536,000. Huo ni mwaka mzima.

Indeksi, ile faharasa ya kutafutia mistari haraka, nayo ni hivyohivyo. CREATE INDEX ya kawaida kwenye PostgreSQL inazuia uandishi hadi imalizike. CREATE INDEX CONCURRENTLY haizuii, na imekuwepo tangu toleo la 8.2 la mwaka 2006. Ila haikubali kukaa ndani ya muamala wa kanzidata (transaction, amri kadhaa zinazofanikiwa au kushindwa pamoja), wakati Laravel na Django zote huifunga migresheni ndani ya muamala mnapotumia PostgreSQL. Kwenye Laravel weka $withinTransaction = false, kwenye Django tumia AddIndexConcurrently pamoja na atomic = False. Ikikatika katikati inaacha indeksi mbovu iliyoandikwa INVALID. Ifute kwanza ndipo urudie.

Nani alipaswa kumfundisha kijana haya? Hilo ndilo swali langu kwenu.

#2 KijanaWaLaravel

Mkuu heshima yako, nondo nzito hii. Lakini niseme ukweli, nyie ma-DBA mlichangia. Nimewahi kufanya kazi mahali ambapo kuongeza safu ya namba ya simu ilichukua wiki mbili, na jibu tulilokuwa tunapewa ni "hapana" bila maelezo. Mtu akipata njia ya kukuzunguka atakuzunguka.

Pili, sisi ni timu ya watu wanne hapa Dar. Mshahara wa DBA hatuuwezi. Tuko RDS, bakapu zinajiendesha zenyewe, replika (nakala hai ya kanzidata) ipo. Kwa hali hiyo kuna ulazima gani wa DBA?

#3 MtunzaKanzi

KijanaWaLaravel, kwenye "hapana" bila maelezo nakubaliana na wewe asilimia mia. DBA anayekataa bila kueleza anamnyima mwenzake nafasi ya kujifunza, na kesho developa yuleyule anarudi na ombi lilelile, au hamrudii kabisa. Fani yetu ilikaa muda mrefu ikiona maarifa ni ngao ya ajira.

Kwenye RDS, tuelewane inafanya nini. Inapiga bakapu, inaweka viraka, seva ikifa inahamia nyingine, na inakuruhusu kurudi hadi sekunde unayotaka ndani ya siku ulizochagua, mwisho siku 35. Hiyo ni kazi kubwa na nashukuru sasa hivi siifanyi kwa mkono usiku. Lakini RDS haijui kwamba safu yako ya pesa umeiweka FLOAT, aina ya namba inayokadiria desimali. Haijui kwamba hukuweka indeksi. Na hiyo replika unayoitegemea, mtu akiandika DELETE bila WHERE (amri ya kufuta isiyo na sharti), replika itatii amri hiyohiyo muda uleule. Replika inakulinda seva ikifa. Binadamu akikosea haikusaidii.

Someni kilichowapata GitLab, kampuni ya kuhifadhi msimbo, tarehe 31 Januari 2017, walikiandika wenyewe hadharani. Mhandisi alikuwa usiku anahangaika na replika iliyokwama, akafuta folda ya data akidhani yuko kwenye seva ya pili, kumbe yuko kwenye kuu. Alishtuka ndani ya sekunde chache, lakini kati ya takriban GB 300 zilibaki kama 4.5. Wakaenda kwenye bakapu. Za pg_dump, zana ya PostgreSQL ya kuchukua bakapu, hazikuwepo, kwa sababu pg_dump iliyokuwa inaendeshwa ilikuwa ya toleo la 9.2 wakati kanzidata ni 9.6, kwa hiyo ilikuwa inafeli kila siku. Barua pepe za kuonya kwamba imefeli nazo zilikuwa zinakataliwa na seva ya barua. Kilichowaokoa ni nakala ambayo mhandisi mmoja alikuwa ameichukua kwa mkono saa sita kabla, kwa ajili ya shughuli nyingine. Data ya saa zile sita haikurudi.

Ile ni kampuni ya watu wanaojua kazi. Kwa hiyo nauliza timu ya wanne: mara ya mwisho kurejesha bakapu yenu kwenye seva tupu na programu ikawaka ilikuwa lini? Kama haijawahi, hamjui kama mna bakapu. Kuajiri DBA wa kudumu si lazima. Lazima ni mmoja kati yenu wanne awe na jina lake kwenye jambo hili, na siku moja kila mwezi arejeshe na kuhesabu mistari.

#4 DadaWaMiamala

Habari za saa hizi. Mimi niko Nairobi, nafanya upande wa malipo. MtunzaKanzi umegusa FLOAT, acha niongeze moja inayotusumbua sana huku.

Programu nyingi zinapokea taarifa ya malipo kutoka M-Pesa au benki. Taarifa ileile inaweza kufika mara mbili, mtandao ndivyo ulivyo. Developa anaandika: angalia kama namba ya muamala ipo, kama haipo iingize. Kwenye laptopu yake inafanya kazi vizuri. Hewani taarifa mbili zinafika kwa wakati mmoja, zote zinaangalia, zote zinakuta haipo, zote zinaingiza. Mteja anaongezewa salio mara mbili. Hakuna msimbo wa PHP au Node utakaokuokoa hapo peke yake. Weka UNIQUE kwenye namba ya muamala, kanzidata ikatae ya pili, wewe ushike hilo kosa ujibu "tayari imepokelewa".

Kinachoniuma ni kwamba nimeona timu zikiondoa UNIQUE na foreign key (kanuni ya kulazimisha mstari urejelee mstari uliopo) makusudi, eti zinapunguza kasi na eti mantiki yote ikae kwenye programu. Programu zinazoandika kwenye kanzidata moja ni nyingi: tovuti, ile ya simu, skripti za usiku, mtu wa huduma kwa wateja na kiolesura chake. Sheria ikikaa kwenye moja, nyingine haziijui.

#5 MtunzaKanzi

Dada, umemaliza. Niliwahi kuhamisha data ya taasisi moja ambayo mfumo wao ulikuwa umeandikwa upya mara kadhaa, kutoka Visual Basic hadi PHP hadi Java. Jedwali la wanachama lilikuwa lilelile la miaka ya tisini. Msimbo wa mwanzo hakuna anayeujua tena, na wanachama bado wanadai mafao yao kwa data ile. Hii ndiyo sababu nashikilia kwamba sheria za data zikae pale data inapokaa.

Pesa iwe NUMERIC (desimali isiyokadiriwa), au namba kamili ya senti. Jambo hili lisijadiliwe.

#6 Mwananjenje_TZ

Wakuu, ORM mnaionea. Imetuokoa na SQL injection (mdukuzi kuchomeka amri zake), imefanya msimbo usomeke. Mimi siwezi kurudi kuandika SQL kwa mkono kila mahali.

#7 MtunzaKanzi

Mwananjenje_TZ sijasema uiache. Naitumia pia. Ila ijue inachoandika kwa niaba yako.

Unaonyesha oda 50 pamoja na jina la mteja wa kila oda. Usipoiambia ichukue wateja mapema, ORM inatuma kwiri 51: moja ya oda, kisha moja moja kwa kila mteja. Kanzidata ikiwa kwenye laptopu yako hutahisi lolote. Sasa programu iwe kwenye seva ya Dar na kanzidata iwe kwenye wingu ng'ambo, tuseme kila safari ya kwenda na kurudi ni milisekunde 150. Zidisha: zaidi ya sekunde saba na nusu kwa ukurasa mmoja, wakati kanzidata yenyewe haina kazi. Kwenye Laravel ni with(), kwenye Django ni select_related na prefetch_related. Na Laravel ina Model::preventLazyLoading(), iwashe kwenye mazingira ya majaribio ikupigie kelele mapema.

Umbali huu tuufikirie sana sisi wa ukanda huu. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika baharini, Tanzania tulikaa na intaneti ya kusuasua. Mfumo ambao mtumiaji yuko Kariakoo, seva iko Dar na kanzidata iko Ulaya, siku hiyo ulisimama hata kwa watu waliokuwa chumba kimoja na seva. Kama mmetenganisha programu na kanzidata kwa bahari, muwe na sababu nzito. Viweke pamoja, popote mtakapochagua.

#8 Fundi_Mtaa

Vipi kuhusu MongoDB mkuu, ile inayohifadhi nyaraka badala ya majedwali? Chuoni tuliambiwa SQL inakufa.

#9 MtunzaKanzi

Modeli ya majedwali yenye mahusiano, ambayo SQL imejengwa juu yake, Edgar Codd wa IBM aliichapisha mwaka 1970, na imezikwa kwa maneno mara nyingi. Kilichotokea ni pande mbili kusogeleana. PostgreSQL 9.4 ilileta JSONB (nyaraka ndani ya jedwali) mwishoni mwa 2014, MongoDB 4.0 ikaleta miamala ya nyaraka nyingi mwaka 2018. Kama data yako kweli ni nyaraka zisizohusiana, MongoDB ni chombo kizuri. Kama ni wateja, ankara na malipo, hayo ni mahusiano, na utajikuta unayajenga upya kwa mkono.

Nitakachokuongezea ni kuangalia leseni na mmiliki. Oracle walipata MySQL walipoinunua Sun mwaka 2010, na kabla ya hapo MariaDB ilishachipuka kutoka MySQL kama tawi huru. MongoDB walibadili leseni 2018. Redis, kanzidata ya kwenye RAM, walibadili Machi 2024 na Valkey, tawi lake huru, ikazaliwa. Zana itabadilika mikono ukiwa unaitumia; SQL ya kawaida na skima safi ndivyo vinavyokurahisishia kuhama.

#10 KijanaWaLaravel

Nimerudi. Tumejaribu kurejesha bakapu wikiendi hii. Kanzidata ilirudi, lakini picha za vitambulisho vya wateja hazikuwemo, ziko kwenye hifadhi nyingine ambayo hakuna aliyeifikiria. Asante mkuu, tungejua siku mbaya.

Swali: siku hizi nusu ya SQL yetu inaandikwa na AI. Msimamo wako?

#11 MtunzaKanzi

Hongereni kwa kuijaribu, kweli nimefurahi. Mmegundua kitu ambacho hakuna ripoti ya RDS ingewaambia.

AI inaandika SQL nzuri, na mara nyingine inanikumbusha vitu. Hofu yangu iko kwenye ruhusa. Julai 2025 ilisambaa habari ya wakala wa AI wa Replit (jukwaa la kuandikia programu) aliyefuta kanzidata iliyo hewani wakati ameambiwa wazi asibadilishe chochote. Watu walijadili sana kwa nini AI ilikaidi. Mimi nilijiuliza kwa nini ilikuwa na ufunguo wa kufuta. Miaka mingi kabla ya AI tulikuwa tunampa kila mtu jina lake na ruhusa zake. Leo naingia kwenye mifumo nakuta programu nzima inaunganishwa kwa mtumiaji postgres, au root, mwenye uwezo wa DROP DATABASE (kufuta kanzidata nzima), na nenosiri liko kwenye faili la .env ambalo kila mtu analo.

Tengenezeni watumiaji watatu. Wa programu: SELECT, INSERT, UPDATE, na DELETE pale tu inapohitajika. Wa migresheni: ndiye mmiliki wa majedwali, anatumika wakati wa kupandisha toleo tu. Wa kusoma: wa ripoti, wa wachambuzi, na wa AI, aelekezwe kwenye replika.

#12 Binti_Sheria

Naomba kuchomekea. Nafanya kazi upande wa sheria na TEHAMA. Kuna tabia ya kunakili kanzidata nzima ya wateja kwenda kwenye laptopu ya developa "kwa ajili ya majaribio". Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 imeanza kutumika Tanzania tangu 1 Mei 2023, na Kenya wana yao ya 2019. Laptopu ikiibiwa kwenye daladala, namba za NIDA (kitambulisho cha taifa), simu na mishahara ya watu vimeondoka nayo. MtunzaKanzi hilo mnalishughulikiaje kitaalamu?

#13 MtunzaKanzi

Dada, umeleta jambo ambalo ma-DBA wenyewe tulikuwa walegevu kwalo hata enzi za fomu.

Developa anahitaji data inayofanana na ya hewani kwa wingi na kwa umbo, maana jedwali la mistari 20 halitamwonyesha kwiri mbovu. Hahitaji jina la mtu. Kwa hiyo nakala inatoka kwenye bakapu iliyorejeshwa, skripti inabadilisha majina, simu na namba za vitambulisho palepale kwenye seva, ndipo inatolewa. Skripti hiyo ikae kwenye Git pamoja na migresheni, na yeyote anayeongeza safu yenye taarifa binafsi aiongeze humo siku hiyohiyo. Hili ni gumu kulisimamia na silipambi, kila mara kuna safu ya "maelezo" ambayo mtu wa huduma kwa wateja ameandika namba ya simu ndani yake.

#14 Msomi_Mbeya

Shikamoo mkuu. Niko mwaka wa tatu, nilitaka kuwa DBA ila naona nafasi za kazi zinaandika DevOps, data engineer, platform. Je, bado kuna DBA?

#15 MtunzaKanzi

Marahaba mdogo wangu. Jina linapungua kwenye matangazo, kazi ipo na imegawanyika kati ya hao uliowataja. Jifunze kusoma EXPLAIN (ANALYZE, BUFFERS), amri inayoonyesha kanzidata inavyotekeleza kwiri, hadi uione kwiri ikitembea. Jifunze makufuli na viwango vya kutenganisha miamala. Sakinisha PostgreSQL kwenye mashine yako, ivunje, irejeshe.

Halafu jifunze kuingiza unachojua ndani ya zana. Basecamp, programu ya kusimamia miradi, ilikwama kwa saa kadhaa Novemba 2018 kwa sababu safu ya namba kwenye jedwali moja ilifika 2,147,483,647, mwisho wa INTEGER ya biti 32. Leo Rails, Laravel na Django zinaanza na BIGINT, ya biti 64, bila kuulizwa. Hayo ndiyo makabidhiano ninayoyataka: developa analindwa dhidi ya kitu ambacho hata hajui kwamba kiliwahi kumwangusha mtu. Kwenye timu yako unaweza kuweka kikaguzi kinachokataa migresheni isiyo na lock_timeout. Hilo lina faida kuliko mihadhara yangu hii.

#16 Fundi_Mtaa

Mkuu nami nina mgonjwa. Orodha ya miamala, kurasa za mwanzo zinafunguka haraka, ukienda ukurasa wa 4000 inakaa hadi inakata. Indeksi ipo kwenye created_at (tarehe ya kuundwa). MySQL 8.

#17 MtunzaKanzi

Fundi_Mtaa, hiyo ni OFFSET. Kurasa za mistari 25, ukurasa wa 4000 ni OFFSET 99975: kanzidata inaipitia mistari yote hiyo, inaitupa, kisha inakupa 25. Indeksi haiwezi kuruka.

Badala ya namba ya ukurasa, tuma created_at na id ya mstari wa mwisho uliouonyesha, kisha omba iliyo chini ya hapo: WHERE created_at < ? OR (created_at = ? AND id < ?), ORDER BY created_at DESC, id DESC LIMIT 25, na indeksi iwe ya safu hizo mbili pamoja. Kwenye Laravel ni cursorPaginate(). Utapoteza uwezo wa kuruka moja kwa moja ukurasa wa 4000, kwa hiyo waulize wanaoutumia wanatafuta nini huko mbali. Mara nyingi ni muamala wa tarehe fulani, na hapo wanahitaji kichujio cha tarehe.

Jaribu, kisha bandika EXPLAIN ANALYZE ya kabla na ya baada. Ficha majina ya wateja kwanza.